Farasi, Mume Wangu na Zile Alama Mbili

"Ni nani?"

Swali hilo aliniuliza mume wangu usiku mmoja wa Jumamosi, mwezi Mei 2023, sahani zikiwa bado mezani. Hakupandisha sauti. Na nyie wanawake wenzangu mnajua, mwanaume akipiga kelele una nafuu. Akiuliza taratibu huku anakunja kitambaa cha meza, ujue mambo yameshafika pabaya.

"Nani nani?" nikajifanya sielewi.

"Miezi mitano sasa. Kila Jumamosi unasema unakwenda jimu. Unarudi mchana umechoka, umechafuka, lakini unatabasamu peke yako. Hujatabasamu hivyo tangu mwaka jana. Mimi sitaki ugomvi. Nataka kujua tu, ni nani?"

Nikavuta pumzi. "Anaitwa Karanga."

Nikamwona anashika ukingo wa meza.

"Ana miaka 14," nikaendelea haraka haraka, na palepale nikagundua kwamba nazidi kuharibu. "Ni farasi, mume wangu! Farasi jike. Naenda kupanda farasi."

Kimya. Jirani wa juu aliburuta kiti, tukakisikia chote. Halafu mume wangu akasema maneno ambayo sikuyategemea kabisa: "Bora ingekuwa mwanaume. Ningejua nimekosea wapi."

ILIVYOANZA

Basi mpenzi msomaji, ngoja nirudi nyuma kidogo.

Tulihamia Nairobi mwaka 2021, kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuleta. Mimi ni mhariri, kazi yangu naifanyia popote penye intaneti, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kubaki Dar. Februari 2022 nilikuwa na ujauzito wa wiki 11. Ukaharibika. Nilikaa hospitali siku moja, nikarudi nyumbani, na mume wangu akaniwekea mto mgongoni, akanishika mkono, akasema: "Si kitu, mke wangu. Tutapata mwingine."

Alikuwa anajaribu kunifariji, najua. Lakini lile neno "si kitu" liliingia kifuani kama mwiba wa samaki kooni, likakaa. Sikumwambia. Na yeye hakuuliza. Tukaendelea na maisha: foleni za Ngong Road, kodi ya nyumba, harusi za watu. Watu wakituona wakidhani tuko sawa. Kumbe tulikuwa wapangaji wawili wenye adabu.

Januari 2023 mama mmoja ninayefanya naye kazi alinialika kwenye shule ya upandaji farasi maeneo ya Karen, binti yake alikuwa anajifunza. Nikaenda kunywa chai tu. Nikiwa nimeegemea uzio, farasi mmoja wa rangi ya karanga za kukaanga akaja, akaweka pua yake begani kwangu, akashusha pumzi ndefu ya joto. Jamani, nililia! Nililia mbele ya watoto wa watu, kilio ambacho sikulia hata hospitali. Farasi hakuniambia si kitu. Hakusema lolote. Alisimama tu.

Jumamosi iliyofuata nikalipia somo la kwanza. Kwa nini sikumwambia mume wangu? Kwa sababu nilijua angesema tunatafuta mtoto, nikianguka je? Na nilitaka kitu kimoja duniani ambacho hakihusiani na mtoto. Nikasema jimu. Uongo mdogo. Uongo mdogo una tabia moja: unahitaji kulishwa kila wiki.

DRESAJI NI KITU GANI?

Wengi tunajua mbio za farasi. Pale uwanja wa Ngong, Nairobi, farasi wamekuwa wakikimbia tangu mwaka 1954, na Karanga mwenyewe alikuwa wa mbio kabla ya kustaafu na kuletwa shuleni. Wengine mmewaona farasi wakiruka viunzi kwenye televisheni. Lakini dresaji ni mchezo mwingine kabisa.

Jina limetoka kwenye Kifaransa na maana yake ni kama kufunza. Mpandaji na farasi wanaingia peke yao katika uwanja wa mstatili, wenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 40, au mita 60 kwa ngazi za juu. Wanatekeleza mfululizo wa maelekezo: hapa tembea, pale simama, hapa zunguka duara, pale badili upande. Kila kipengele jaji anakipa alama kuanzia 0 hadi 10, na unaweza kupata nusu alama pia. Hakuna kukimbizana na saa. Kinachoangaliwa ni utulivu, usahihi, na jinsi nyie wawili mnavyoelewana. Kwa kifupi, ni mtihani wa ndoa, ila mmoja wenu ana miguu minne na uzito wa kilo kama 500.

Usiku mume wangu akilala, mimi nasoma. Nikagundua kwamba Mgiriki Ksenofoni aliandika kuhusu kufunza farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na alikuwa ameshaonya kwamba farasi asiendewe kwa hasira. Nikagundua kwamba dresaji iliingia kwenye Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, na kwa miaka mingi walioruhusiwa walikuwa maofisa wa jeshi tu. Wanawake walifunguliwa mlango mwaka 1952, Helsinki. Na palepale, mwaka huohuo, mama mmoja wa Denmark aitwaye Lis Hartel akachukua medali ya fedha akishindana na wanaume. Sasa sikia hili. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, Lis alipata polio. Miguu yake kuanzia magotini kwenda chini haikupata nguvu tena, na alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka kwenye farasi. Lakini akishakaa juu, alimwongoza farasi wake kwa mwili uliobaki.

Nilisoma habari zake saa saba usiku, simu ikiwa chini ya shuka. Nikajisemea, kumbe mwili unaweza kukuangusha na bado ukabaki wako.

HERUFI NANE NA MZEE MMOJA

Pembeni mwa uwanja mdogo kuna herufi nane. Ukizifuata kwa kuzunguka utasoma A, K, E, H, C, M, B, F. Katikati kabisa ya uwanja kuna X, ambayo haionekani, lazima uihisi. Unaingia kwa A, jaji anakaa kwa C anakutazama usoni.

Sasa akili ya mtu mzima ikariri vipi? Nikatunga sentensi yangu: "Asubuhi Kaka Ernesti Hunywa Chai, Maandazi Bila Foleni." Msicheke! Niliiimba bafuni, niliiimba kwenye matatu.

Mwendo nao una majina. Kutembea kwa kawaida kuna mapigo manne. Halafu kuna ule mwendo wa mapigo mawili, tak-tak, tak-tak, ambao pwani kwetu kwa punda unaitwa matiti. Ndiyo, matiti, na ndilo neno lenyewe, bibi yangu Pangani alilitumia bila aibu. Ukizidi hapo ni kanta, mapigo matatu, halafu shoti kabisa. Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa wa kutembea na matiti tu. Mwalimu alisema inatosha, na alikuwa sahihi.

Aliyenifundisha zaidi lakini hakuwa mwalimu. Alikuwa saisi, mzee wa makamo ambaye amewatunza farasi tangu ujana wake. Yeye ndiye aliyenionyesha kusafisha kwato kwa ndoano, kupiga brashi kuanzia shingoni kwenda nyuma, kukaza mkanda wa tandiko kidogo kidogo badala ya kwa ghafla. Kwa sababu natoka Tanzania, alinibatiza jina: Mama Bongo.

Mwezi wa tatu hivi, nilikuwa nashindana na Karanga. Mimi nasema twende, yeye anatupa kichwa. Nasema simama, anakwenda upande. Jasho linanitoka. Mzee akafungua geti, akaja taratibu.

"Mama Bongo, hebu niambie. Wewe unaendesha gari?"

"Naendesha, mzee."

"Sasa mbona unakanyaga mafuta na unavuta breki wakati moja? Miguu inasema enda, mikono inasema usiende. Huyu mnyama atajua aje unataka nini?"

Nikaangalia mikono yangu. Vidole vilikuwa vimekamata hatamu kama mtu anayening'inia dirishani.

"Shika kama umeshika mkono ya mtoto mkivuka barabara," akasema. "Ukilegeza sana, atatoroka. Ukifinya, atalia."

Mzee hakujua habari zangu. Alikuwa anatoa mfano tu. Nilishuka nikajifanya natafuta maji ya kunywa.

USIKU ULE

Turudi mezani. "Bora ingekuwa mwanaume," alisema mume wangu, nami nikakasirika. Nikamwambia nilijua angenikataza. Akaniuliza nilimuuliza lini akanikataza. Nikakosa jibu. Kweli, nilikuwa nimeshamwekea maneno mdomoni, nimemhukumu na kumfunga, mwenyewe hana habari.

Halafu likanitoka. "Ulisema si kitu."

"Nilisema nini?"

"Siku ile. Nilitoka hospitali, ukasema si kitu."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Siku ile, alipotoka kwenda kuninunulia dawa, alikaa kwenye gari nje ya duka dakika 40 hajui afanye nini. Alimpigia kaka yake mkubwa, na kaka yake akamwambia mwanaume usilie mbele ya mkeo, mwambie si kitu mtapata mwingine. "Nikaja nikasema kama nilivyoelekezwa," akasema. "Nilikuwa nimeishika ile sentensi njia nzima, nisije nikaisahau."

Jamani. Mwaka mzima na zaidi nilimchukia mtu kwa sentensi ambayo hata haikuwa yake!

Tulilia wote usiku ule. Sisemi yaliisha, maana mambo kama hayo hayaishi kwa usiku mmoja. Lakini wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kwa daktari, na mume wangu ndiye aliyeuliza kuhusu farasi. Daktari akasema kwa wakati ule hakuna tatizo, afya yangu ilikuwa nzuri. Ila nikishika mimba niache kwanza, kwa sababu ya hatari ya kuanguka. Tulipofika kwenye gari mume wangu akauliza, "Na huo mtihani wako ni lini?"

SEBULENI KWETU

Ulikuwa Julai, Jumapili, palepale shuleni. Katika mashindano ya ngazi yetu unaruhusiwa mtu wa kukusomea mtihani kwa sauti. Anasimama nje ya uwanja na karatasi, anakutajia kipengele kinachofuata. Mwalimu akauliza nani atanisomea. Kabla sijajibu, mume wangu akainua mkono kama mwanafunzi. Yeye ambaye farasi wa karibu kabisa alikuwa amemwona kwenye sinema!

Tukaanza mazoezi nyumbani. Tulisogeza meza, tukabandika karatasi za herufi: A mlangoni, C kwenye televisheni, E kwenye kochi, B kwenye friji. Mimi ndiye nilikuwa farasi na mpandaji kwa wakati mmoja, nakimbia matiti sebuleni nikiwa na soksi. Yeye anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "A, ingia kwa matiti. X, simama, toa salamu. C, pinda kushoto. E, duara la mita 20 kushoto. F, X, H, badili upande. B, duara la mita 20 kulia. A, tembea." Hapo mfululizo unaendelea: K, X, M unaachia hatamu ndefu ili farasi anyooshe shingo, C unaanza tena matiti, A unapinda kuingia mstari wa katikati, X, simama, salamu, kwisha.

Jirani wa chini alituma ujumbe kuuliza kama kuna ukarabati. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Nikakumbuka kwamba huyu mwanaume huwa anacheka mpaka anashika mbavu. Nilikuwa nimesahau.

Tatizo langu lilikuwa moja. Kazi yangu ni kusahihisha watu, na nilikuwa nimeukariri mtihani wote. Akisoma, mimi nishamaliza. "Najua, najua, endelea." Siku moja akaishusha karatasi. "Sasa mimi nasoma ya nini?" Nikamwambia ni utaratibu tu. Hakusema kitu.

SIKU YENYEWE

Niliamka saa kumi usiku. Julai ya Nairobi si mchezo, baridi inauma mpaka kwenye meno. Saa kumi na mbili tulikuwa bandani. Mzee alikuwa ameshaanza kumsuka Karanga singa za shingo, vifundo vidogo vidogo vilivyopangika kama shanga. Mimi niliyekaa chini ya wasusi maisha yangu yote, tangu twende kilioni za shule ya msingi, nikaomba nisuke vifundo viwili vya mwisho. Mzee akaviangalia, akavifumua kwa heshima, akavisuka upya.

Nilivaa suruali nyeupe ya kubana, koti jeusi la kuazima lililonibana kifuani, buti, glavu na kofia ngumu. Mume wangu akanifunga kamba ya kofia chini ya kidevu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

Tulikuwa washiriki tisa, na wengine walikuwa watoto wa miaka 11 ambao walikaa kwenye farasi kama wamezaliwa humo. Nilipasha Karanga joto dakika 20. Nikaona anatega masikio nyuma, ananisikiliza. Kengele ikalia. Ukishaisikia una sekunde 45 za kuingia. Nikageukia A.

"A, ingia kwa matiti," ikasikika sauti ya taarifa ya habari.

Tukaingia. Mstari wetu ulipinda kidogo, lakini tukaenda. Pale X nikakaa kwa uzito, nikafunga vidole, Karanga akasimama. Nikaweka hatamu mkono mmoja, mkono wa kulia nikaushusha, nikainamisha kichwa. Katikati ya salamu akapiga hatua moja mbele. Mh! Haya, twende.

C kushoto. E duara. Nikakumbuka mkono wa mtoto barabarani. Nikalegeza vidole nusu, na nikamsikia Karanga anashusha shingo, mgongo wake unainuka chini yangu kama godoro linalopumua. Tak-tak, tak-tak. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nikaanza kuwaza duara linalofuata, lile la B. Nikawaza: hili nimelipatia, la B nitalipatia zaidi. Tukapita K, tukapita A, na kichwani mwangu nishafika B.

"F, X, H, badili upande," mume wangu alisoma.

Alisoma. Watu wote walimsikia. Mimi sikumsikia. Nilipita F kama basi linalopita kituo chenye abiria, nikanyoosha moja kwa moja kuelekea B.

KENGELE

Ngrrr!

Ukiwa uwanjani, kengele ile inaingia tumboni. Maana yake umepotea njia. Nilisimama. Uso ulinichoma. Nilitamani ardhi ipasuke, Karanga na mimi tuingie humo na koti la watu.

Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, akatoa kichwa kwenye gari lililoegeshwa nyuma ya C. Nilitegemea karipio. Badala yake akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Umepitiliza. Ulitakiwa ubadili upande pale F. Rudi, anza kutokea pale ulipokosea. Chukua muda wako."

Basi. Hiyo tu. Kosa la kwanza la njia unakatwa alama mbili, unarudishwa pale pale ulipopotea, unaendelea. Hakuna anayekuambia si kitu, maana ni kitu, na kimeandikwa. Lakini pia hakuna anayekufukuza.

Nikageuza Karanga. Nikamwangalia mume wangu nje ya uzio. Angeweza kutabasamu kwa ushindi, na haki alikuwa nayo! Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, macho yake kwangu. Akasubiri mpaka tulipoanza tena matiti na kukaribia kona. Kisha akasoma upya, taratibu zaidi, kama ndiyo mara ya kwanza:

"F, X, H. Badili upande."

Safari hii nilimsikia. Kuanzia hapo nilimwachia. Nilijua kila kipengele kinachofuata, lakini nilisubiri sauti yake kabla sijakifikiria, na ajabu ni kwamba mabega yangu yalishuka. Nilipata nafasi ya kumsikiliza Karanga. B duara, A tembea. Pale K, X, M niliachia hatamu, na yule mnyama akanyoosha shingo mbele na chini, akatembea kwa mapana kama mama anayerudi sokoni ameshauza kila kitu. X ya mwisho alisimama kimya kabisa. Nikatoa salamu. Nikamkumbatia shingo, nikalia, na safari hii hata sikujificha.

ASILIMIA 59.5

Karatasi ya alama huletwa baadaye, kila kipengele na maoni yake. Jaji anataja, karani anayekaa pembeni yake anaandika. Ile salamu ya kwanza nilipata 4: "hakutulia." Duara la E, 6.5. Kutembea kwa hatamu ndefu, 7: "wanaaminiana." Chini kabisa: "Farasi mwaminifu. Mpandaji ana mkono mlaini akikumbuka kuutumia." Jumla alama 121 kati ya 200, ukitoa mbili za kosa zinabaki 119. Asilimia 59.5. Nafasi ya sita. Aliyeshinda alikuwa mtoto wa miaka 12 mwenye meno ya chuma, Mungu ambariki.

Mume wangu akapiga hesabu kwenye simu. "Bila zile mbili ungevuka 60," akasema. Kisha akaongeza, "Ningesoma kwa sauti zaidi."

"Ulisoma vizuri," nikamwambia. "Mimi ndiye sikusikiliza."

Akaniangalia. Nadhani wote wawili tulijua hatuongelei F peke yake.

Mzee alikuja kumchukua Karanga. Akamvua tandiko, akampa kipande cha karoti, akaniuliza nimepata ngapi. Nilipomwambia akatikisa kichwa, akageukia kwa mume wangu. "Wewe ndiye ulikuwa unasoma? Sawa. Sasa Mama Bongo ana masisi wawili."

YA KWAKO NI IPI?

Mpenzi msomaji, sikwambii ukapande farasi. Ni gharama, na ukianguka unaumia kweli. Mimi nimeanguka mara tatu. Ukiamua, tafuta shule yenye mwalimu anayekuanza taratibu, vaa kofia ngumu hata kwa dakika tano, na mheshimu saisi kuliko mwenye shule. Omba uanze na farasi mtu mzima aliyeshazoea wajinga.

Ninalokwambia ni hili. Kama kuna sentensi ambayo mwenzako aliisema mwaka juzi na bado imekukaa kooni, mwulize aliitoa wapi. Unaweza kukuta aliazima. Na kama kuna kitu kinakupa raha na unakificha, jiulize unamlinda nani. Mimi nilidhani najilinda dhidi ya katazo ambalo halikuwahi kutolewa, huku mwenzangu analala kila Jumamosi akijua ameibiwa mke.

Leo bado hatujapata mtoto. Wengine mtauliza, nimeona nijibu kabisa. Tunajaribu, tunahofia, tunaongea. Ile siku ya Februari tunaiita kwa jina lake sasa, hatuipiti kimya kimya. Kila Jumapili jioni tunakaa kwenye kochi, pale palipokuwa E, na mmoja anamsomea mwingine wiki inayokuja: kazi gani, safari gani, hofu gani. Aliyenyamaza hana ruhusa ya kusema "najua, najua." Akisema, mwenzake anapiga kijiko kwenye glasi. Ngrrr.

Unakatwa alama mbili, unarudi pale ulipokosea, mnaendelea.